Hakuna Mji, Hakuna Jibu

Ninyi mnaorekodi sauti zenu chumbani, mmejifunika blanketi kichwani ili jirani asisikike, na mkikosea mnafuta mnaanza upya, karibuni mkae. Sina ubaya nanyi. Lakini juzi kanisani kijana mmoja aliniambia, "Aunty, kazi yako ya zamani siku hizi inafanywa na simu." Nikamtazama hivi, juu mpaka chini. Simu! Simu imewahi kukaa mbele ya kundi la watoto wa Kipunjabi waliokula peremende asubuhi, wote wanataka kuongea kwa pamoja, hewani, na hakuna cha kufuta? Mimi nimekaa. Kwa hiyo leo mtanisikiliza.

Mimi ni Nyaboke, mzaliwa wa Kisii, mkaaji wa Silver Spring. Siku za wiki nilikuwa natunza wazee majumbani, kama wengi wetu tuliokuja huku. Wikendi nilikuwa fundi wa mitambo katika redio moja ndogo ya jamii kule Annandale, chini ya duka la mazulia. Fundi wa mitambo ndiye yule anayekaa upande wa pili wa kioo. Mbele yake ana vipini, kimoja kwa kila maiki. Ukikisukuma juu, mtu anasikika. Ukikishusha, hata akipiga mayowe, ni bure. Wakubwa wa redio hudhani wao ndio wenye kituo. Waacheni wadhani.

Redio ile ilikuwa ya kugawana saa. Wakorea walikuwa na yao, Waethiopia na yao, wahubiri hata usiwaguse. Jumamosi asubuhi ilikuwa saa ya watoto wa Kipunjabi, kazi yao vichekesho na vitendawili. Aliyeianzisha alikuwa bibi mmoja ambaye watoto wote walimwita Biji, yaani bibi kwa lugha yao, na mimi pia nikamwita hivyo. Na sasa shikeni viti: Biji alizaliwa Nakuru. Baba yake alikuwa na gereji huko. Siku ya kwanza kunikuta nyuma ya kioo aliniangalia, akasoma jina langu kifuani, akasema, "Wewe iko Kisii, bana! Chai yenu iko wapi?" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Hapa Amerika, katikati ya Virginia, mtu wa kunisemesha Kiswahili cha nyumbani akawa mama wa Kipunjabi mwenye shali nyeupe na sauti ya mkuu wa shule.

Kazi nilifundishwa na Mzee Curtis, Mmarekani mweusi wa Oxon Hill aliyekuwa fundi tangu enzi za kanda. Alijifunza Kiswahili ujanani kwenye madarasa ya jioni, kwa hiyo alikisema kama kitabu kilichovaa tai. "Dada Nyaboke," alikuwa akiniambia, "ukimya ni adui wa mtangazaji. Usiuruhusu." Niliyameza maneno hayo, na ndiyo yaliyonitia matatani wiki ya kwanza.

Mtoto wa kwanza alitega kitendawili. Wenzake wakanyamaza, wanafikiri. Mimi nikaona ukimya, nikakumbuka adui, nikabonyeza muziki. Lo! Biji aliinuka kitini akanigongea kioo kwa pete yake. "Nani alikuambia weka muziki? Watoto iko nafikiri!" Jumamosi iliyofuata nikajizuia, sikugusa kitu. Kitendawili kilikuwa kigumu, watoto wakafikiri, wakafikiri tena. Sasa, redio ile ilikuwa na mashine ndogo ukutani: ikisikia kimya kirefu, inaamua sisi sote tumekufa, inajiwekea muziki wa akiba. Muziki wenyewe ulikuwa wa kinanda cha mazishi. Fikirini: mtoto amepata jibu, anafungua mdomo kwa furaha, na Virginia nzima inasikia mazishi.

Mzee Curtis alitaka tuwape watoto muda mfupi wa kufikiri. Biji akakataa katakata. Mimi nikawaambia watoto: mkifikiri, gongeni meza kwa vidole, polepole. Maiki zikachukua ile tap tap, mashine ikaridhika kwamba tuko hai, na wasikilizaji walioko jikoni kwao wakaanza kugonga meza nao. Vijana, nawaambia bure: kimya si adui. Adui ni kimya kisicho na mtu ndani yake.

Na kuna mengine msiyoyapata kwenye simu. Mtoto usimwekee maiki mbele ya mdomo, ataila. Mwekee kando, karibu na shavu, asipige pumzi kila akisema neno lenye p au b. Mkalishe kwenye vitabu vya simu vilivyopangwa, si mto, maana kwenye mto atadunda. Kichekesho kikikaribia mwisho, shusha kipini mapema, kwa sababu mtoto huanza kucheka kabla hajamaliza, na kicheko cha watoto wa Biji kilikuwa kinapeleka mshale wa kipimo cha sauti kwenye rangi nyekundu kama gari lisilo na breki. Ukingoja wacheke ndipo ushushe, umeshachelewa, na mama wa watu ameshatupa hedfoni.

Sikuelewa Kipunjabi hata neno. Lakini nilijua kichekesho kinakaribia mwisho. Nilisoma mabega yao. Na wivu nilikuwa nao, sitaficha. Watoto wangu mwenyewe nilikuwa nawaita kwa Kiswahili, wananielewa vizuri sana, halafu majibu yanakuja kwa Kiingereza. Biji aliniambia hata hawa wake ni hivyo hivyo nyumbani. "Nyumbani mama nasema, mtoto najibu Kiingereza. Hapa tu ndiyo mdomo yao nafunguka. Kwa sababu hapa iko mtu ya kucheka." Saa ile moja. Hiyo ndiyo tu aliyokuwa nayo, na alijua ikiondoka lugha itaondoka nayo mdomoni mwa watoto wale.

Aliyekuwa kichwa cha kundi ni Simran, msichana mwenye nywele zilizosukwa mpaka kiunoni na pengo mbele. Siku moja alitega kitendawili, wote wakashindwa. Akabaki amekaa tu, hajui afanye nini na ushindi wake. Biji akanigeukia kwenye kioo, akaniuliza kwa Kiswahili, hewani kabisa, "Nyaboke, sisi Nakuru tulikuwa nafanya nini, mtu akishindwa?"

Nikabonyeza kitufe cha kusema nao. "Anatoa mji, Biji!"

"Ndiyo, bana! Mji!" Akawaeleza watoto kwa lugha yao: aliyeshindwa lazima ampe mtegaji mji, na mtegaji ana haki ya kukataa mji asioupenda, mpaka apewe unaomridhisha. Ndipo anasafiri huko, anasimulia alivyopokewa, na jibu linatoka. Kwisha habari yangu! Tangu siku hiyo hapakuwa na kitendawili bila mji. Walianza na miji ya babu zao kule Punjab. Ilipoisha, wakaja na ya huku. Mmoja alipewa Oxon Hill akaikataa kwa sababu shangazi yake anakaa huko na ni mkali. Mwingine alipewa Silver Spring, akaniuliza kwanza kama kuna theluji nyingi. Mzee Curtis alikuwa anafuta machozi. "Dada Nyaboke, desturi hii ni ya kupendeza mno," akasema, na kwa mara ya kwanza sikumcheka anavyosema.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Ilikuwa miaka ile baada ya minara kuanguka New York. Mwanamume mwenye kilemba na ndevu alikuwa akitazamwa vibaya hata akinunua maziwa. Baba yake Simran alikuwa dereva wa teksi, mtu mpole, na alitemewa mate kituo cha mafuta na mtu asiyemjua kabisa. Basi redio ikaanza kupata simu. Wanasema nini hao watoto? Wanaficha nini? Wanacheka nani?

Mwenyekiti wa kamati iliyoendesha redio hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na mwoga mwenye cheo ni shida kuliko mbaya. Alikuja na amri: watoto wa Jumamosi watafsiri kila sentensi kwa Kiingereza, papo hapo, la sivyo saa yao ipewe wengine. Nikamwuliza, na Wakorea? Na Waethiopia? Akasema hao hawajalalamikiwa. Hasira iliyonipanda siku hiyo haijashuka hata leo.

Tulijaribu. Mungu ni shahidi, Biji alijaribu. Kijana mmoja alisimulia kichekesho ambacho kwa Kipunjabi kilikuwa na maneno machache tu. Babu amemtuma mjomba zizini, "Nenda kaangalie kama yule nyati wa maziwa amelala." Mjomba akarudi. "Amelala?" "Sasa hivi hapana, babu. Nimemwamsha nimuulize." Haya, mtoto akasema sentensi moja, akasimama, akatafsiri. Mwenyekiti, aliyekaa pembeni kusimamia, akauliza ni nyati wa aina gani. Mtoto akaeleza nyati. Akasema sentensi ya pili, akatafsiri. Mwenyekiti akauliza kwa nini wanamkamua nyati badala ya ng'ombe. Tulipofika kwa mjomba kumwamsha, nyati mwenyewe alikuwa ameshazeeka. Hakuna aliyecheka. Kijana yule aliomba kwenda chooni na hakurudi kwenye maiki siku hiyo.

Ndipo Simran akavuta maiki yake. Hakuombwa. Akasema kitu kwa Kipunjabi, na watoto wote wakashika midomo. Mwenyekiti akasema, "Sasa kwa Kiingereza." Akakubali, tena kwa Kiingereza safi kuliko cha sisi sote: "Kila asubuhi baba yangu anajenga nyumba, bila msumari, bila mbao. Usiku anaibomoa. Na hajawahi kulala ndani yake. Ni nini?"

Biji taratibu akasukuma maiki ya wageni mpaka puani kwa Mwenyekiti. Na mimi nikasukuma kipini chake juu. Sikuambiwa na mtu.

Akajaribu hema. Siyo. Akajaribu kibanda cha sokoni, mwavuli, kitanda cha kukunja. Watoto wanagonga meza, tap tap tap. Baba yake Simran, ambaye alikuwa amemleta binti, alikuwa kasimama kando yangu na kikombe cha chai. Jibu lilikuwa kichwani mwake, rangi ya bluu, limefungwa vizuri ajabu, na Mwenyekiti alikuwa akilitazama kupitia kioo bila kuliona. Mwisho akainua mikono. "Nimeshindwa."

"Nipe mji!" Watoto wote, kwa sauti moja. Mshale ukaenda kwenye nyekundu na nikauacha uende.

Wakamweleza desturi. Akacheka, akampa Annandale. Simran akatikisa kichwa. Akampa Richmond. Hapana. Akampa Washington yote, na Ikulu juu yake. Hapana.

"Basi wataka mji gani?"

"Nataka Jumamosi," Simran akasema. "Saa yetu. Bila kutafsiri."

Kicheko kikamwisha Mwenyekiti. Akasema hilo ni la kamati, si lake. Simran akamtazama kwa huruma, kama nesi anayekuambia dawa imeisha. "Basi hakuna jibu," akasema, na saa yetu ikaisha, Wakorea wakaingia.

Yaliyofuata sikuyategemea. Simu zikaanza kulia kabla sijakunja nyaya. Watu wasiowahi kupiga, watu wa Annandale wasiojua ila Kiingereza, mama mmoja wa Oxon Hill, dereva wa lori, wote: nyumba hiyo ni nini? Biji akawaambia Wapunjabi wake mmoja mmoja: atakayelitoa jibu kabla ya mji kutolewa, asile tena chapati zake. Na lilikuwa jambo la ajabu, vijana wangu, maana kila Mpunjabi wa Virginia na Maryland alilijua, na hakuna aliyelitema. Mzee Curtis aliniapia kwamba Mwenyekiti alipanda teksi kwenda uwanja wa ndege, akamkuta dereva mwenye kilemba, akamwuliza. Dereva akamtazama kwenye kioo cha mbele. "Umeshatoa mji?" Akasema bado. "Basi tufunge mkanda," dereva akasema.

Jumamosi iliyofuata Mwenyekiti alifika mapema kuliko siku zote. Alikuwa na diski ya muziki wa filimbi. Kamati imeamua, akaniambia: saa ya watoto imesimamishwa, cheza hii. "Na ukifungua maiki hizo, Nyaboke, huna kazi hapa." Aliyasema bila kupandisha sauti. Kisha akafungua mlango wa studio, akaingia upande wa watoto ili amweleze Biji mwenyewe, maana angalau alikuwa na adabu hiyo.

Niliwaona kwenye kioo. Watoto walikuwa wameshakaa juu ya vitabu vyao vya simu. Biji alimwona Mwenyekiti anakuja na akavuta shali yake mabegani, akaanza kuwakusanyia watoto makoti, kabla hata hajaambiwa. Hilo ndilo lililonimaliza. Mwanamke aliyenigongea kioo kwa pete, leo anakusanya makoti kimya kimya. Nikamgeukia Mzee Curtis. Naye akavua miwani yake, akaiweka mfukoni. "Dada Nyaboke," akasema, "macho yangu ni ya kizee. Sioni lolote unalofanya."

Nikasukuma vipini vyote juu. Vyote, cha Simran, cha Biji, cha wageni. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango.

Sasa mjue: taa nyekundu ikiwaka, hata kama nyumba inaungua, hakuna anayepayuka. Kila kinachosemwa kimeshatoka. Vituo vikubwa vilikuwa na mashine ya kuchelewesha maneno, wanapata nafasi ya kuyafuta; sisi hatukuwa nayo, na siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa umaskini wetu. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya chumba, mdomo wazi, na diski yake haikuwa na mahali pa kwenda. Akanigeukia. Nikamwonyesha taa kwa kidole.

Simran akashika maiki. "Karibu, Mwenyekiti," akasema kwa Kiingereza. "Umekuja na mji?"

Tap tap tap. Watoto wote. Biji akaketi na makoti mapajani, akaanza kugonga nao. Nadhani kila jikoni kuanzia Annandale hadi Baltimore ilikuwa inagonga. Mwenyekiti alitazama mlango. Akatazama saa. Akavuta kiti akakaa, na nikamwona mabega yake yanashuka, vile mabega ya watoto yanavyoshuka kichekesho kikikaribia mwisho.

"Chukueni Jumamosi," akasema.

"Na kutafsiri?" Biji akauliza.

"Bila kutafsiri. Sasa jibu, tafadhali. Mke wangu hajanipa amani wiki nzima."

Simran hakuharakisha, alikuwa mwanafunzi wa Biji. Akasafiri kwanza. Akasema alikwenda Jumamosi, watu wa Jumamosi wakamfungulia mlango, wakampa chai yenye iliki na kiti karibu na dirisha, wakamwuliza baba yake anafanya kazi gani, naye akawaambia: ni dereva, na nyumba anayojenga kila asubuhi ni kilemba chake. Mwenyekiti akageuka polepole kuelekea kioo. Baba yake Simran alikuwa pale pale aliposimama wiki iliyopita. Wakatazamana. Mwenyekiti aliwaza nini, sijui, na sitawadanganya kwamba ninajua. Ninachojua ni kwamba yule baba hakuinamisha kichwa.

Saa ilipoisha, Mwenyekiti akatoka, akaninyooshea mkono. Sikumwelewa, nikadhani anataka tusalimiane. Alitaka funguo. Alikuwa mtu wa neno lake: mtoto alipewa Jumamosi aliyoahidiwa hewani, na mimi nikapewa nilichoahidiwa nje ya hewa. Nikamwekea funguo kiganjani. "Ningefungua tena," nikamwambia, "hata leo, hata kesho." Mzee Curtis alitaka kuondoka nami kwa hasira, nikamkatalia. Nani angeshusha kipini kabla ya kicheko? Nikapata mitambo mingine baadaye, kanisani na kwenye ukumbi wa harusi, na huko ndiko nilikostaafia, mgongo ukiuma na masikio yakiwa mazima.

Mtu akiwaambia mtafsiri kicheko chenu ndipo mkubaliwe, mwambieni atoe mji kwanza. Wala msiogope kupoteza funguo. Funguo ni chuma tu.

Jumamosi ya kwanza bila kazi nilikaa jikoni kwangu Silver Spring, redio juu ya friji, watoto wangu wanakula nafaka na maziwa. Saa ya watoto ikafunguliwa. Nikashika simu, nikapiga ile namba ya wasikilizaji niliyokuwa nikiipokea mimi mwenyewe, na Mzee Curtis akaniunganisha bila swali. Biji akauliza, kama anavyomwuliza kila msikilizaji, mimi ni nani na napiga kutoka wapi.

"Ni Nyaboke wa Silver Spring," nikasema, "na leo hakuna wa kunizima."

Nikawasimulia kichekesho cha kwetu Kisii, kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, watoto wangu wakiwa wameacha vijiko hewani, na hakuna aliyetafsiri.